Maji Meupe ya Sirwet

Kosgei alianguka kutoka kwenye paa la choo mwezi wa pili mwaka 1957, akavunjika nyonga. Alikuwa akipigilia bati lililolegezwa na upepo. Hospitali ya Nakuru ilimlaza wiki saba, kisha ikamrudisha nyumbani na magongo mawili na onyo kwamba asijaribu kuteremka mahali penye mwinamo. Kazi yake yenyewe ilikuwa kwenye mwinamo.

Alikuwa msomaji wa kipimo cha mto Sirwet, kijito kilichotoka vilimani juu ya Gilgil na kushuka kuelekea ziwa la Elmenteita. Ofisi ya maji ilikuwa imejenga ukuta mdogo wa saruji kukikata kijito, na kando ya ukuta ikasimamisha ubao uliochorwa futi na inchi. Kila siku saa mbili asubuhi Kosgei alishuka gengeni, akatazama maji yamefika wapi kwenye ubao, akaandika kitabuni. Mwisho wa mwezi dereva wa ofisi alipita kuchukua karatasi. Kwa kazi hiyo alipewa nyumba ya mawe juu ya genge, chumba na jiko.

Asubuhi ya kesho yake, mkewe Cheptoo alirudi kutoka hospitalini akakuta saa mbili inakaribia. Alichukua kitabu, akashuka, akasoma ubao, akaandika. Hakumwuliza mtu. Alikuwa amesoma misheni madarasa manne kabla ya kuolewa, na tarakimu hazikumsumbua. Alidhani ni kazi ya wiki chache. Ikawa miezi kumi na minne.

Kosgei aliporudi walizungumza jambo hilo mara moja tu.

"Ofisi ikijua siwezi kushuka, nyumba imekwenda," alisema Kosgei.

"Basi isijue," alisema Cheptoo.

Kitabuni kulikuwa na safu ya mwisho ya maelezo. Kosgei alikuwa akiandika humo neno moja kila siku, mwaka hata mwaka: sawa. Cheptoo hakuweza. Alipoona majani mengi aliandika majani mengi. Alipokuta ng'ombe wamekanyaga ukingo aliandika ng'ombe. Na tangu Juni alianza kuandika: maji meupe.

Maili mbili juu ya kipimo kulikuwa na machimbo ya udongo mweupe. Udongo ule ulichimbwa kilimani, ukaoshwa kwa maji kwenye matangi, ukakaushwa na kupelekwa Nairobi kwa treni ili utumike kutengenezea rangi na vyombo. Mwaka ule machimbo yalipata mashine mpya. Matangi yakawa sita badala ya mawili, na maji machafu ya kuoshea yakawa yanafunguliwa moja kwa moja kijitoni. Mashimo ya zamani yaliachwa wazi. Mvua ilipopiga kuta zake, nayo iliteremsha weupe wake.

Nusu maili chini ya kipimo ilikuwepo kambi ya wafanyakazi wa shamba la Bwana Hallam, familia thelathini na kitu, ambao hawakuwa na maji mengine isipokuwa Sirwet. Chepkorir, mkamuaji wa ng'ombe wa Hallam, alikuwa rafiki wa Cheptoo tangu utoto. Alipanda siku moja na debe kichwani, akalitua mlangoni.

"Nimeliacha limetulia tangu jana jioni," alisema. "Ingiza mkono."

Cheptoo aliingiza mkono. Chini ya debe palikuwa na uji mzito mweupe, wa vidole viwili.

"Ndama wawili wa mzee wangu wamekufa," alisema Chepkorir. "Mnyama akichinjwa, tumbo limejaa hiki. Na mtoto wangu wa mwisho ana siku nne za kuhara. Ukame huu maji yakikatika tunachota kwenye madimbwi ya ng'ombe."

Kukatika kwa maji Cheptoo alikujua. Asubuhi moja ubao ulisema inchi tisa, ya kesho yake inchi mbili, na mbinguni hapakuwa na lolote la kueleza tofauti ile. Yote aliyaandika. Mtoto wa Chepkorir alilazwa Gilgil majuma mawili, akarudi amebaki macho na masikio, lakini akiwa hai.

Aliyemweleza kinachotokea juu ni Obura, Mjaluo aliyefungua na kufunga milango ya matangi. Walisali kanisa moja. Jumapili moja baada ya ibada alimwita kando, kwa jina la mwanawe.

"Mama Kiplangat, sisi tunaosha Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili tu ndiyo kijito kinapumzika. Na Bwana Maji akituma barua kwamba anakuja kukagua, meneja anasema fungeni siku mbili kabla."

"Ndiyo maana kila akija maji ni safi."

"Ndiyo maana. Lakini usinitaje. Wakiniandikia vibaya kwenye kipande changu cha kazi, sitapata kazi nyingine kutoka hapa mpaka Kisumu. Nina watoto watano."

"Sitakutaja," alisema Cheptoo.

Bwana Maji walimwita hivyo Mzungu wa ofisi ya maji, kijana mwembamba aliyependa kutembea kwa miguu. Alikuja Septemba, akaja tena Januari. Mara zote mbili alipiga magoti ukingoni, akajaza chupa, akaiinua juani. Maji yaling'aa. Alisoma safu ya maelezo kitabuni, akamtazama Kosgei aliyeketi kwenye kiti mlangoni. Magongo Cheptoo alikuwa ameyaficha nyuma ya pipa.

"Arap Kosgei, unaandika meupe kila siku. Mimi sioni weupe."

"Yanabadilika, Bwana," alisema Kosgei.

Machi 1958 tangazo lilibandikwa posta ya Gilgil na kwenye lango la machimbo. Machimbo yaliomba kibali cha kuchota maji mara mbili ya kiasi cha kwanza. Mwenye pingamizi aandike kwa bodi ya maji, Nakuru, kabla siku thelathini hazijaisha.

Kila mtu kambini alijua kwamba Hallam ameweka pingamizi, kwa sababu dipu lake la kuogeshea ng'ombe lilikuwa limejaa tope. Watu wakatulia. Kisha wiki ya pili lori la machimbo likaja limebeba mabomba. Mafundi walichimba mtaro kutoka kijitoni juu ya machimbo, mahali maji yalipokuwa bado safi, wakalaza bomba hadi nyumba ya Hallam na dipu lake. Kambini hawakulifikisha. Bomba lilipotoa maji, Hallam aliondoa pingamizi.

Cheptoo alimwendea. Alimkuta zizini akitazama ng'ombe wakinywa.

"Bwana, na watu wa kambi?"

Hallam hakuwa mtu wa makelele. Alifikiri kwanza, kisha akajibu kwa Kiswahili chake cha shamba.

"Mimi iko na kibali tangu kabla ya vita. Nyinyi hapana kibali. Mtu bila kibali hana maji, ana bahati tu. Mimi napigania maji yangu. Yenu sijui nipiganie kwa karatasi gani."

Cheptoo alishuka kambini na karatasi tupu. Aliandika barua kwa Kiswahili, mistari kumi na miwili, akasema maji ni meupe siku sita za juma, yanakatika wakati wa kiangazi, na watu hawana pengine pa kuchota. Chepkorir alizunguka nyumba kwa nyumba na kopo la masizi yaliyokorogwa kwa mafuta. Watu thelathini na wanne walitia vidole gumba.

Jibu lilifika baada ya siku kumi. Bodi ingewasikiliza Nakuru tarehe ishirini na nne Aprili. Walete ushahidi. Na msomaji wa kipimo, arap Kosgei, aje na kitabu chake.

Neno ushahidi lilimkaa Cheptoo kifuani. Kitabu kilikuwepo, lakini kitabu ni maneno, na Bwana Maji mwenyewe alikuwa hajaona weupe. Obura hakuweza kutajwa. Akiwa na fikira hizo alishuka na jembe kuondoa tope nyuma ya ukuta wa kipimo. Ilikuwa kazi ya msomaji kulizoa kila miezi michache, na tangu Kosgei aanguke hakuna aliyelizoa. Maji yalikuwa machache asubuhi ile, na tope lilikuwa limejitokeza kama mkate mkubwa.

Alipiga jembe mara moja, akavuta. Bonge lilipoanguka aliona ukuta wa tope umebaki wima, na ukuta ule ulikuwa na mistari. Mweupe mnene, mweusi mwembamba. Mweupe mnene, mweusi mwembamba. Aliupangusa kwa kiganja. Weupe wa siku sita, weusi wa Jumapili, kijito kilipoleta udongo wake wa kawaida. Alihesabu kutoka juu kwenda chini. Kwenye mstari wa kumi na mmoja weusi ulikuwa mnene mara tatu. Alipanda nyumbani mbio, akafungua kitabu, akarudi nyuma majuma kumi na moja. Hapo palikuwa na Bwana Maji na chupa yake ya Januari.

Alikata bonge zima kwa panga, akaliingiza kwenye debe alilolipasua upande mmoja, akalifunga gunia bichi lisikauke na kupasuka.

Kilichobaki ni Kosgei. Jioni kabla ya safari alikuwa akipaka mafuta kwenye magongo.

"Nitasema ni mimi niliyeandika," alisema. "Jina kitabuni ni langu."

"Watakuapisha."

"Mungu anaijua nyonga yangu."

"Anaijua. Na Biblia je?"

Kosgei alipaka gongo la pili mpaka mwisho. "Wewe unataka tulale wapi?" aliuliza. Cheptoo akaenda kulinyunyizia gunia maji.

Walipanda lori la maziwa, Kosgei mbele na dereva, Cheptoo na Chepkorir nyuma na debe katikati yao. Bodi ilikaa katika chumba chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Wazungu wanne, karani mmoja Mhindi, na mkalimani. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe aliyesikia kwa sikio moja, akawa anawageuzia watu lile zima. Meneja wa machimbo alikuja na wakili kutoka Nairobi.

Wakili alizungumza kwanza, kwa upole. Alisema udongo mweupe ni udongo tu, si sumu. Alisema ofisi imekagua mara mbili na mara mbili imekuta maji safi. Alisema mwenye kibali pekee mtoni amejiondoa. Kisha akaomba kitabu.

"Arap Kosgei," alisema, na mkalimani akafasiri. "Mwandiko wako umebadilika Februari mwaka jana."

Kosgei alikuwa amesimama kwa magongo yake mbele ya meza, Biblia ikiwa karibu na mkono wake. Alikuwa ameshaapa.

"Nimeuliza hospitali," aliendelea wakili. "Walikulaza wiki saba. Lakini kitabu hakina siku iliyorukwa. Je, ulikuwa ukisoma ubao wa Sirwet kutoka kitandani?"

Kosgei alifungua mdomo, akaufunga. Jasho lilimtoka shingoni, likaingia kwenye kola ya shati aliloazima. Mwenyekiti alimgeuzia sikio zima, akangoja.

Cheptoo alisimama.

"Niliandika mimi," alisema.

Wakili aligeuka kwa mwenyekiti mikono ikiwa wazi, kama mtu aliyemaliza kazi. "Basi bodi haina kitabu. Ina maandishi ya mke wa mtu."

"Una umri wa kutosha kuapa?" mwenyekiti alimwuliza Cheptoo, labda kwa sababu ya ufupi wake. Watu wawili walicheka. Cheptoo alisema ana miaka thelathini na moja na watoto watatu, akaweka mkono juu ya Biblia.

"Nani alikuambia machimbo yanaosha siku fulani na kupumzika siku fulani?" aliuliza wakili.

"Tope."

Alifungua gunia. Maji yalidondoka kwenye sakafu ya mbao na karani akavuta miguu. Cheptoo aliliinamisha debe upande uliopasuliwa, mistari ikaonekana, bado mibichi, myeupe na myeusi. Alieleza polepole, akimsubiri mkalimani. Huu ni juma. Huu ni Jumapili. Akahesabu kwa ncha ya kidole hadi mstari mnene mweusi.

"Hapa ndipo Bwana huyu alipokuja," alisema, akimwonyesha Bwana Maji aliyeketi pembeni. "Siku aliyokuja, na siku mbili kabla. Meneja atuambie kwa nini udongo wake uliacha kushuka siku zile."

Meneja alimtazama wakili wake. Bwana Maji alikuwa amekwisha kuinuka. Alipiga magoti kando ya debe kama alivyopiga ukingoni, akatoa shajara yake mfukoni, akahesabu mistari mwenyewe, mara mbili. Kisha akasema kwa Kiingereza jambo refu, masikio yake yakiwa mekundu. Baadaye mkalimani aliwaambia alichosema: kwamba amelinganisha inchi za kitabu kile na zile za kipimo cha chini, kwenye daraja la reli, mwezi kwa mwezi, na hajaona kitabu kingine katika wilaya kinacholingana vile. Yeyote aliyeandika, aliandika kweli.

Wakili alijaribu tena. Alisema watu wa kambi hawana kibali, kwa hiyo hawana cha kulinda.

"Sheria haimtaki mtu mwenye debe awe na karatasi," alisema mwenyekiti. "Kibali ni cha mwenye bomba na pampu. Maji ya kunywa na kupikia yanamtangulia."

Uamuzi ulisomwa mchana. Machimbo hayakufungwa, wala hayakupewa yote yaliyoombwa. Yangechota zaidi kidogo, kwa masharti: mabwawa matatu ya kutuliza maji machafu, moja chini ya jingine, yasiyofunguliwa kabla maji hayajatakata, inchi nne zisipungue kwenye ubao wa kipimo mwaka mzima, na mashimo ya zamani yajazwe, udongo wa juu ukiwekwa kando na kurudishwa juu, kisha upandwe nyasi.

Waliporudi nyumbani Kosgei alikaa kitandani, akavua viatu kwa shida.

"Ulinivua nguo mbele ya watu," alisema.

"Ningekuacha useme uongo baada ya kuapa?"

"Nilikuwa nimenyamaza."

"Mpaka lini?"

Kwa siku nyingi mazungumzo yao yakawa ya chumvi na kuni tu.

Bwana Maji alikuja mwenyewe kuleta barua ya kumwachisha Kosgei kazi. Hakumtuma dereva, na Cheptoo alimhesabia hilo kuwa wema. Kijana alieleza kwamba kanuni ni kanuni, aliyeajiriwa hakufanya kazi. Nyumba waiache baada ya mwezi.

"Aliyefanya kazi yupo hapa," alisema Cheptoo. "Niandike mimi."

Kijana alitazama viatu vyake. "Katika orodha hakuna nafasi ya mwanamke," alisema. "Nimeuliza."

Nafasi alipewa mwanamume aliyeitwa Akeyo kutoka Naivasha, mtu mzuri, aliyefika na kuku wake kwenye tenga. Cheptoo alimwonyesha mahali jiwe linapoteleza.

Walihamia kambini, chumba kilichopakana na cha Chepkorir. Haikuwa hisani ya Hallam. Karani wake, Mathenge, alikuwa ametiwa kizuizini tangu mwaka 1954 na hesabu za pareto zilikuwa zimevurugika. Hallam alihitaji mtu wa kukaa kwenye mizani na kuandika. Kosgei aliweza kukaa. Cheptoo aliokota maua ya pareto pamoja na wanawake wengine, na sasa maji ya kunywa ya watoto wake yalikuwa yale yale aliyoyapigania.

Hayakutakata mara moja. Tope la mwaka mzima lilikuwa limelala kwenye kila kona ya kijito, na kila mvua iliamsha sehemu yake. Mabwawa yalikamilika Oktoba. Krismasi ile debe lililotulia usiku kucha lilikuwa na utando tu chini, kama vumbi la unga. Ni wakati huo ambapo Kosgei alianza kumwuliza tena mambo. Mwanzo ilikuwa kama mzaha.

"Leo Akeyo amesoma ngapi?"

"Tano na nusu."

"Amesoma au ameambiwa?"

"Amesoma. Nilikuwa nimesimama pale."

Kosgei akacheka, na Cheptoo akamwongezea chai.

Mvua kubwa ya Aprili 1959 ilivunja ukingo wa bwawa la chini, na Sirwet ikawa nyeupe tena usiku mmoja. Cheptoo hakungoja barua. Alipanda hadi lango la machimbo na Chepkorir na wanawake tisa, wakaomba kuonana na meneja. Walisimama kwenye matope saa nzima. Meneja alitoka, akamtambua.

"Ni mvua," alisema. "Si sisi."

"Tunajua ni mvua. Funga matangi mpaka ukingo ujengwe."

"Nikikataa?"

"Akeyo ameshaandika. Mimi nimekuja kukuambia tu, usije ukasema hukujua."

Meneja alitazama kijito, akatazama wanawake. Kisha akamwita Obura kwa jina, akamwamuru afunge milango. Obura alipita mbele ya Cheptoo bila kumtazama, kama mtu asiyemjua, akafunga mmoja baada ya mwingine yote sita. Ilichukua siku tisa kujenga ukingo upya, na siku zote tisa matangi yalikaa makavu.

Shimo la kwanza lilijazwa mwaka ule. Nyasi walizopanda zilikufa, kwa sababu udongo wa juu ulikuwa umechanganywa na mweupe, na Bwana Maji akawafanya wairudie kazi. Mara ya pili zilishika. Cheptoo alipita hapo akitoka kutafuta kuni, akakuta kondoo wa watu wa machimbo wakila. Alisimama, akaikanyaga ardhi kwa kisigino kuona kama ni ngumu. Ilikuwa bado laini mno kwa kwato. Akawafukuza kondoo, akaendelea na safari.